Nilimwambia "nzuri sana" kabla sijaisoma

Nimekuwa kimya wiki mbili, niwieni radhi. Si uvivu. Kuna jambo linanikera rohoni na nimeona nilimwage hapa, maana najua wengi wenu mna daftari au faili lenye riwaya iliyokwama sura ya nne (msibishe!).

Mwezi uliopita dada mmoja, mwalimu wa sekondari kule Mbagala, alinipa mswada wa riwaya yake. Kurasa 212, zimechapwa na kufungwa vizuri na jalada la plastiki. Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, alidhani nayajua mambo haya. Nikasoma kurasa kumi nikiwa kwenye daladala, nikampigia simu: "Dada, nzuri sana, hongera!" Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikukaribisha chakula humwambii chumvi imezidi. Siku nane baadaye akanitumia ujumbe kwamba amekopa milioni moja na nusu kwenye kikoba, na ameshatanguliza laki sita kwa mpiga chapa, nakala 500. "Maneno yako yamenipa nguvu," aliandika.

Usiku ule ndipo nikasoma kurasa zilizobaki. Jamani!

Si kwamba hajui kuandika. Ukurasa wa 97 kuna mama muuza vitumbua anayehesabu chenji gizani umeme umekatika, anapapasa sarafu, anaijua ya mia mbili na ya mia kwa ncha ya kidole. Nilirudia pale mara tatu. Lakini kufika pale unapita kurasa 96 ambazo ndani yake jua linachomoza, msichana anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai, anasimuliwa historia ya ukoo wake tangu babu alipohamia mjini. Hakuna mtu anayetaka kitu, hakuna anayezuiwa kukipata. Kwa maoni yangu hilo ndilo gonjwa letu kubwa sisi tunaojifunza kuandika: tunadhani msomaji anatudai maelezo. Msomaji anataka kujua yule mama atapata wapi hela ya unga kesho. Ukishamtia wasiwasi huo, historia ya babu utamtilia kidogo kidogo na hatalalamika.

Ukitaka kuona linavyofanyika, msome Adam Shafi. Katika Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, Yasmin ni msichana mdogo aliyeozwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Basi, ugomvi umeshazaliwa hapo, na Zanzibar nzima ya enzi ya mkoloni inaingia kupitia mlango huohuo. Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu, na wengi wenu mmeiona. Swali langu ni wangapi mmekisoma kitabu. Namwuliza kila kijana anayeniambia anataka kuwa mwandishi amesoma riwaya gani ya Kiswahili tangu amalize shule, na mara nyingi najibiwa kwa filamu za Kikorea. Sina ugomvi na Wakorea. Ila huwezi kujua sentensi ya Kiswahili inavyopumua kwa kusoma tafsiri chini ya kioo cha televisheni.

Na kuiga si dhambi. Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa kiko mdomoni na akili ya upelelezi inayomkumbusha kila mtu Sherlock Holmes. Lakini Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, ni kitabu cha Zanzibar, kina mizimu yake na siri za familia zake. Alichukua kiunzi akajengea udongo wa kwao. Sisi tunachukua kiunzi na udongo vyote viwili, ndiyo maana riwaya zetu zimejaa majasusi wanaovaa makoti mazito ndani ya joto la Dar.

Halafu mazungumzo. Katika mswada wa dada yangu, konda wa daladala anasema, "Naomba unilipe nauli yangu tafadhali, ewe abiria." Huyu dada anapanda daladala kila siku! Masikio anayo, ila akishika kalamu anamsikia mwalimu wake wa Kiswahili. Dawa ninayoijua ni moja tu, soma kwa sauti. Funga mlango, soma kila neno la mhusika wako kwa mdomo wako mwenyewe. Ukiona aibu, futa. Mimi kazi ya habari iliniharibu kwa namna nyingine: nilikuwa namalizia kila tukio kwenye sentensi ya kwanza, nani kafa, wapi, saa ngapi. Ilinichukua miaka kujifunza kuficha.

Kuhusu muda sina maneno mengi. Ukurasa mmoja kwa siku ni kurasa 365 kwa mwaka. Anayesubiri mzuka apande atazeeka naye. Na usimpe mpenzi wako awe msomaji wa kwanza, maana atasema kama nilivyosema mimi.

Tuje kwenye fedha, na hapa ndipo linaponiuma. Nina rafiki ambaye chini ya kitanda chake kuna maboksi manne ya riwaya yake, mwaka wa tano sasa. Kupiga chapa ni rahisi. Kuuza ndiyo kazi, kwa sababu soko letu la vitabu limeegemea shule, na maduka yanayokubali riwaya ya mtu asiyejulikana ni machache. Ukilipia mwenyewe, wewe ndiwe mhariri, mchukuzi na mdai madeni. Kwa nini usianze na milango isiyokutoza? Tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell, ilipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza alishinda upande wa riwaya kwa Penzi la Damu. Nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania inasimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023. Ukikosa, hujapoteza laki sita.

Ukipata mchapishaji, soma mkataba kama unavyosoma barua ya mapenzi, yaani mara kumi. Mrabaha ni asilimia ngapi, ya bei gani, unalipwa lini? Wakikupa "pesa ya mkupuo" ili uachie haki zote, uliza hata za filamu zimo? Niliwahi kuuza hadithi yangu namna hiyo nikiwa na miaka 22, kwa elfu themanini, na nikaja kuitazama kwenye luninga ya jirani bila jina langu. Sikuwa na pa kulalamikia, sahihi ni yangu. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapoandika, hata kama hujasajili popote, lakini haikulindi dhidi ya karatasi uliyoisaini mwenyewe.

Nilimpigia simu dada yule Jumapili. Nikamweleza kwamba siku ile nilikuwa nimesoma kurasa kumi tu. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia watoto wa jirani yake wakicheza. Kisha akasema, "Sasa laki sita yangu?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba twende wote kwa mpiga chapa kabla hajaanza kazi. Tulikwenda juzi. Amekubali kurudisha laki nne, mbili amezihesabu kuwa gharama za kupanga kurasa. Hizo mbili nimeahidi kumlipa mimi, nusu mwisho wa mwezi huu, nusu mwezi ujao.

Jumamosi tunakutana kwake na kalamu nyekundu. Nimependekeza riwaya ianzie kwa mama wa vitumbua, umeme umekatika. Yeye bado anamtetea babu.