Mja Mzito Aambiwe kwa Lugha Aielewayo

Mpwa wangu, mja mzito wa miezi minne, alirudi kutoka kliniki akilia. Baada ya kupigwa picha ya tumbo aliambiwa neno moja tu la Kiswahili: ana "uvimbe". Mengine yote yalisemwa kwa Kiingereza, kana kwamba hayamhusu. Kufikia magharibi alikwisha kujihesabu maiti.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, najua kwamba neno hilo limetwikwa mzigo usiolingana nalo. Jipu ni uvimbe, saratani ni uvimbe, na fibroidi, yaani vinundu viotavyo katika misuli ya mji wa mimba, ni uvimbe vilevile. Asiyefafanuliwa huchagua maana inayotisha zaidi.

Ukweli ni upi? Karibu vinundu vyote vya aina hii si saratani. Huchochewa na homoni, na ndiyo sababu baadhi hukua, hasa katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Wengi walio navyo hujifungua salama. Hatari zipo: maumivu makali kinundu kinapokosa damu, mtoto kukaa vibaya tumboni, kuzaa kwa upasuaji, na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mji wa mimba unaposhindwa kujikaza. Kwa kawaida madaktari hawavikati wakati wa mimba kwa kuhofia damu. Na baada ya uzazi vingi hupungua vyenyewe.

Maelezo hayo yamehitaji kuazima maneno mawili tu ya kitaalamu. Basi tusidanganyane kwamba Kiswahili hakitoshi. Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi, nayo Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa.

Hili si suala la ufasaha. Mama aliyeelewa atajitahidi kuzalia penye akiba ya damu na chumba cha upasuaji. Asiyeelewa huenda akabaki nyumbani. Vyuo vya udaktari na uuguzi, pamoja na sisi walimu wa lugha, tuketi tuandae maelezo hayo.

Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Mama amekwisha kujifunua mbele ya daktari. Sasa daktari naye asimfiche maneno.