Ghala la data: Taa ya kijani inawaka, wizi bado unawezekana

Katikati ya mwaka 2024, kampuni na taasisi takriban 165 ziliarifiwa kwamba huenda data zao zimefikiwa na wezi. Zote zilikuwa wateja wa Snowflake, kampuni ya Marekani inayokodisha maghala ya data mtandaoni. Ticketmaster ilikuwemo. AT&T nayo ilikuwemo, na Julai mwaka huo ilikiri kuwa rekodi za simu na meseji za karibu wateja wake wote wa simu za mkononi zimeibwa, nyingi zikiwa za miezi ya Mei hadi Oktoba 2022.

Wengi walidhani Snowflake yenyewe imedukuliwa. Haikuwa hivyo. Wachunguzi wa Mandiant walikuta wezi waliingia kwa nywila halali, zilizonaswa na programu hasidi kwenye kompyuta za watumiaji. Nyingine ziliibwa tangu 2020 na miaka yote hiyo hakuna aliyezibadilisha. Akaunti zilizoingiliwa hazikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, wala hazikuwekewa kikomo cha mahali mtu anapoweza kuingilia.

Hapo ndipo panapouma. Hiyo ni mipangilio tu, na programu ya ukaguzi huisoma kwa sekunde chache.

Ukaguzi huo unafanyikaje? Programu haigusi data ya wateja. Inamuuliza mtoa huduma maswali kuhusu jinsi ghala lilivyowekwa, kisha inalinganisha majibu na kanuni zilizoandikwa mapema. Chukua Redshift, ghala la Amazon, ambalo huendeshwa kwa klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Je, klasta inafikika kutoka intaneti ya wazi? Data imesimbwa? Nakala za akiba zinachukuliwa zenyewe? Jina la msimamizi bado ni "awsuser", lile lile la kuanzia? Jibu likiwa baya, taa nyekundu. Mtu akibadilisha mpangilio saa nane usiku, swali linaulizwa upya bila kumsubiri mkaguzi afike ofisini Jumatatu.

Ni kazi nzuri, na ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hauwezi kushindana nayo. Ila ina mwanya ambao mameneja wengi hawaujui.

Tuangalie kumbukumbu za matumizi. Redshift haianzi yenyewe kuzitunza kwa ajili ya ukaguzi, lazima mteja aziwashe. Akishawasha, anapata orodha ya walioingia na mabadiliko ya akaunti za watumiaji. Lakini rekodi ya nani alichota nini kutoka jedwali gani ina swichi yake ya pili, enable_user_activity_logging, na hiyo kwa kawaida huwa imezimwa. Kipimo kinachotazama swichi ya kwanza tu kitawasha taa ya kijani. Ripoti itapendeza, bosi atasaini, na siku ya wizi huenda ikawa vigumu kusema ni majedwali gani yamebebwa.

Halafu kuna suala la binadamu. Programu inatoa onyo, haifungi mlango, labda iwe imeruhusiwa kufanya hivyo. Kampuni nyingi zinaogopa kuiruhusu kwa sababu ikifunga kimakosa, ripoti za mauzo zinasimama asubuhi. Kwa hiyo onyo linawekwa alama ya "tutalishughulikia", na linalala hapo. Wala haiwezi kujua kama nywila ya mfanyakazi tayari inauzwa kwa wahalifu.

Pengine ndiyo maana watoa huduma wameanza kubadilisha hali ya kuanzia badala ya kuongeza maonyo. Kuanzia Oktoba 2024, akaunti mpya za Snowflake zinataka uthibitishaji wa hatua mbili kwa watumiaji wanaoingia kwa nywila. Januari 2025 Amazon nayo ilibadilisha klasta mpya za Redshift: hazifunguki kwa intaneti ya wazi, data inasimbwa, na mawasiliano lazima yawe salama, mpaka mteja mwenyewe aamue vingine. Klasta za zamani ziliachwa zilivyo, na hizo ndizo zinazohitaji kukaguliwa kwanza.

Kwa kampuni ya Kenya inayokodi ghala la aina hii, saa inahesabika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa saa 72 tangu ijue kuhusu uvujaji hatari kumwarifu Kamishna wa Data, na wateja walioguswa waelezwe uvujaji ni wa aina gani ili waweze kujilinda. Kama swichi ya pili ilikuwa imezimwa, kampuni itajua kwamba mtu aliingia saa tatu usiku na kutoka saa kumi alfajiri. Alichoondoka nacho huenda ikabidi ikikisie.