Paka wa Ghorofani Hana Roho Saba

Waswahili husema kwamba paka ana roho saba, na mtu aliyenusurika mara nyingi huambiwa kuwa ana roho ya paka. Katika mazungumzo msemo huo haumdhuru mtu. Katika nyumba za ghorofa, hata hivyo, unawadhuru paka wenyewe, maana mwenye nyumba anayeusadiki humwacha paka wake atembee juu ya ukingo wa roshani ya ghorofa ya nne pasipo kumjali, akidhani kwamba hata akianguka atatua kwa miguu minne na kwenda zake. Ni kweli kwamba aghalabu paka hutua kwa miguu. Lakini kutua kwa miguu si kupona, na paka hupotea bure kwa sababu tofauti hiyo haikufahamika.

Jambo hili lawahusu wakazi wa Kampala leo kuliko zamani. Fleti za Bugolobi, Bukoto na Wandegeya zimezoeleka kwa miaka mingi, lakini siku hizi majengo marefu yameota hata katika mitaa iliyokuwa ya nyumba za chini. Mwaka 2011 nyumba za zamani za mitaa ya Nakawa na Naguru zilibomolewa. Familia nyingi, zikiwemo za askari wa jeshi na polisi, sasa hukaa ghorofani, na zimepanda huko pamoja na paka wao. Sababu ya kumfuga ni ile ile ya siku zote: panya. Panya haogopi ngazi, na penye gunia la maharage au unga wa posho hufika tu. Paka hushika zamu usiku kucha, hadai mshahara wala likizo. Mtumishi kama huyo anastahili kulindwa naye.

KWA NINI PAKA HUANGUKA

Watu hushangaa wasikiapo kwamba mnyama hodari wa kupanda miti ameanguka kutoka roshanini. Mshangao huo huisha mtu akizitazama kucha zake. Kucha za paka zimepinda kama ndoana. Hushika vizuri gome la mti, ubao na nguo. Juu ya bomba la chuma, saruji iliyopakwa rangi au vigae, hazina pa kushika. Paka akiteleza mtini hujinasa. Akiteleza juu ya ukingo wa roshani, huenda moja kwa moja hadi chini.

Kisha kuna vishawishi vya Kampala yenyewe. Anga ya mji huu imejaa ndege. Mwewe huzunguka tangu asubuhi, kunguru hutua kwenye nyaya za umeme, na wale korongo wakubwa ambao wenyeji huwaita karoli husimama juu ya mapaa kama walinzi wa lindoni. Paka amwonapo ndege, akili yake yote huwa kwenye windo, naye huruka kabla ya kupima urefu wa chini. Kwa mtoto wa paka hatari ni ya pande mbili, kwani mwewe aliyezoea kunyakua nyama mikononi mwa watu hashindwi kumjaribu na yeye.

Mvua nayo haina huruma. Kampala hupata mvua nyingi tangu Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, na radi zake ni kali. Ukingo umelowa, paka amelala juu yake, ngurumo inapiga ghafla: hayo matatu yakikutana, paka hana ujanja. Zaidi ya hayo, saa zake za kuwinda ni jioni na alfajiri, wakati ambapo watu wanapika au wamelala na hakuna anayemtazama.

YALIYOONEKANA NA WATAALAMU

Mwaka 1894 mtaalamu wa Kifaransa, Étienne-Jules Marey, alipiga picha nyingi za mfululizo za paka aliyeachiwa aanguke akiwa chali. Picha hizo zilionyesha namna anavyojipindua hewani: sehemu ya mbele ya mwili hugeuka kwanza, kisha ya nyuma hufuata. Mtoto wa paka huanza kuupata ustadi huo akiwa na umri wa wiki tatu au nne hivi, na huukamilisha katika wiki ya saba hivi. Lakini kujipindua hakuondoi pigo la ardhi. Miguu hulipokea kwanza, kisha kifua na kidevu hugonga chini.

Mwaka 1987 madaktari wa wanyama wa New York, Marekani, walitoa taarifa kuhusu paka 132 waliopelekwa hospitalini kwao baada ya kuanguka kutoka majengo marefu. Katika hao waliotibiwa, 90 kwa kila 100 walipona. Habari hiyo imeenea duniani kana kwamba ni ushahidi wa roho saba, lakini wanaoieneza husahau mambo mawili. Kwanza, paka aliyekufa papo hapo hapelekwi hospitali, kwa hiyo hakuhesabiwa. Pili, wengi wa waliopona walikuwa wameumia mapafu, taya au miguu, na zaidi ya theluthi moja walihitaji matibabu ya haraka ili wasife. Bila ya daktari hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Wala mkazi wa ghorofa ya pili asijione salama. Urefu huo watosha kabisa kuvunja mguu au taya, hasa ikiwa chini kuna saruji, mawe au magari yaliyoegeshwa.

WAVU WA WAYA

Kinga iliyo ya uhakika ni wavu wa waya ufunikao roshani yote, tangu chini mpaka darini. Kuongeza urefu wa ukingo kidogo hakusaidii, kwa kuwa paka mzima huruka mita moja na nusu bila ya taabu. Matundu ya wavu yasizidi sentimita mbili na nusu, yaani inchi moja, maana pale kichwa cha mtoto wa paka kipitapo, mwili hufuata. Waya mgumu uliochomelewa ni bora kuliko wavu wa kuku, ambao hulegea na kushika kutu. Wavu wa mbu haufai kabisa; paka huuchana kwa kucha katika usiku mmoja. Nyavu nyepesi za plastiki nazo huchakazwa na jua.

Mafundi wa chuma wa Katwe wanajulikana mji mzima, na fundi akipewa vipimo hutengeneza fremu nzima. Mwenye mshahara mdogo aweza kujitengenezea kwa mbao nne, kipande cha wavu, misumari na koleo. Wavu upigiliwe kwenye mbao, kisha fremu ifungwe kwa waya kwenye nguzo na vyuma vya roshani, kila baada ya sentimita 20 hivi. Ncha zote za waya zikunjiwe nje zisimchome paka wala mtoto. Kazi ikiisha, wavu usukumwe kwa mikono miwili kwa nguvu, ukitikisika, haujafungwa. Sehemu moja iwe na mlango mdogo wenye komeo lifunguliwalo kwa ndani, ili watu waweze kutoka kama moto ukizuka.

Madirisha yasisahauliwe. Vyuma vya kuzuia wezi havimzuii paka, kwani nafasi iliyo kati ya chuma na chuma humtosha kupita. Kila dirisha liachwalo wazi lipate kipande chake cha wavu.

Kabla ya kutoboa ukuta, yafaa kuomba ruhusa. Katika nyumba za kambi ataulizwa mkuu asimamiaye makazi. Katika nyumba za kupanga, mwenye nyumba. Uganda ina sheria ya mwaka 2001 inayomruhusu mtu kumiliki makao yake ndani ya jengo la ghorofa, na wamiliki wenzake wana haki juu ya sehemu zilizo za wote. Huko nako mashauriano ni bora kuliko ugomvi. Fremu iliyofungwa kwa waya bila ya kutoboa ukuta hukubaliwa kwa urahisi zaidi. Tena ifahamike kwamba wavu madhubuti humsaidia pia mtoto mdogo anayeanza kupanda panda, ingawa hauchukui nafasi ya jicho la mzazi.

MPAKA MWISHO WA MWEZI

Kama fedha za wavu hazijapatikana, yako mambo yasiyohitaji hata shilingi. Katika roshani nyingi za Kampala hupangwa jerikeni za maji, gunia la mkaa, sigiri na beseni za nguo, aghalabu karibu na ukingo. Kwa paka vitu hivyo ni ngazi. Visogezwe ukutani, mbali na ukingo, na kamba ya nguo isifungwe mahali ambapo paka aweza kuirukia. Mlango wa roshani ufungwe jioni, wakati wa mvua, na kila mara nyumba inapobaki bila ya mtu.

Kumfunga paka kwa kamba ya shingo si dawa. Akiruka ukingo hunyongeka. Waislamu waikumbuka hadithi ya Mtume Muhammad juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie chakula. Paka afungiwaye ndani hana budi kutunzwa: maji safi kila siku, sanduku la mchanga au unga wa mbao libadilishwalo mara kwa mara, gogo lililozungushiwa kamba ya katani kwa kunolea kucha, na mahali pa kukaa karibu na dirisha lenye wavu. Posho peke yake haimtoshi, kwani paka ni mla nyama. Dagaa, ambao Kampala huitwa mukene, humfaa sana. Paka mwenye njaa hutafuta njia ya kutoka.

Vilevile paka ambaye hajahasiwa hutafuta njia wakati wa kupandana, na hapo hasikii la mtu. Jike aweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne hadi sita tu. Daktari wa wanyama akimhasi mapema, paka hutulia, na siku hiyo hiyo daktari aweza kuulizwa juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo paka naye huyapata na kumwambukiza mtu.

AKIWA AMEKWISHA KUANGUKA

Hapa ndipo imani ya roho saba iuapo kwa mara ya pili. Paka huanguka, huinuka, huingia chini ya gari au kitanda na kutulia. Jirani huja kusema, “Mama, paka wako ni mzima, nimemwona akitembea.” Watu hushukuru Mungu na kurudi kazini. Usiku paka huanza kuhema kwa shida, kwa sababu mapafu yaliyopondeka hudhihirika baada ya saa kadhaa, na asubuhi hukutwa amekufa.

Basi paka aliyeanguka apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, hata kama anatembea. Asinyanyuliwe kwa shingo wala kwa miguu. Atelezeshwe taratibu juu ya ubao au gamba la sanduku, afunikwe kitambaa, awekwe ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa. Asipewe chakula, maji wala maziwa. Akihema kwa mdomo wazi, akiwa na ufizi mweupe, au akitokwa na damu puani, hakuna nafasi ya kungojea. Chuo Kikuu cha Makerere kina koleji ya utabibu wa mifugo, na mji una madaktari wengine wa wanyama. Namba ya simu ya mmoja wao iandikwe ukutani kabla ya shida kufika.

Jambo moja lishikwe sana: paka asipewe dawa ya maumivu ya binadamu. Panadol, ambayo imo karibu katika kila nyumba, ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja chaweza kumuua. Wengi huitoa kwa huruma, wakamaliza kile ambacho anguko halikukimaliza.

ASKARI AKIHAMISHWA

Familia za askari huhama mara nyingi, na nyumba mpya ndiyo mahali pa hatari kuliko zote. Paka aliyezoea nyumba ya chini, iliyokuwa na ua, hajui kwamba ng’ambo ya ukingo sasa hakuna ardhi. Anaruka kama alivyoruka siku zote. Kwa hiyo siku ya kuhama asafirishwe ndani ya kikapu chenye mfuniko au sanduku, afunguliwe katika chumba kimoja kilichofungwa madirisha, na asiachiwe kufika roshanini mpaka wavu uwe umefungwa. Wiki mbili au tatu za mwanzo abaki ndani, hata akilia mlangoni. Wala asiachwe nyuma kambini kwa kisingizio kwamba atajitegemea. Kama haiwezekani kwenda naye, akabidhiwe jirani aliyekubali kumtunza.

Paka ana roho moja tu. Kipande cha wavu, waya wa kufungia na kazi ya Jumamosi moja vyatosha kuilinda, na wenye nyumba watalala usingizi wakijua kwamba mlinzi wao yu kazini, upande wa ndani wa roshani.