Ujuzi wa mahindi uchorwe Chepkoilel, uonekane shambani

MKULIMA wa Moiben au Ziwa anapoona mahindi yake yakigeuka rangi ya manjano, hukabiliwa na uamuzi wa haraka: atie mbolea au ang'oe?

Manjano inayoanzia kwenye ncha za majani makuukuu ya chini na kufuata uti wa jani ni dalili ya upungufu wa naitrojeni, na dawa yake ni mbolea. Lakini majani machanga yakiwa na michirizi ya manjano, kisha yakaanza kukauka kutoka kingoni, huenda ni maradhi ya MLN, yaliyoripotiwa nchini kwa mara ya kwanza katika eneo la Bomet mwaka 2011. Maradhi hayo hayana tiba. Anayeutilia mbolea mmea ulioambukizwa anatupa pesa.

Wataalamu wanaijua tofauti hiyo. Swali ni iwapo inamfikia mkulima kwa wakati, na kwa sura anayoweza kuitumia.

Wanasayansi wa kompyuta wana taaluma ya kazi hii, nayo ni uhandisi wa maarifa: kuuchukua ujuzi ulio kichwani mwa mtaalamu, kuupambanua katika dhana na uhusiano wake, kisha kuupanga ili kompyuta iweze kuutumia.

Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitunga programu ya MYCIN, iliyotoa ushauri kuhusu maambukizi ya bakteria kwa kufuata kanuni mia kadhaa. Kanuni zikiwa nyingi kiasi hicho, ni vigumu hata kwa aliyezitunga kuona zinapogongana. Ndiyo maana zana za baadaye, kama Protégé ya chuo hicho hicho, humwonyesha mtaalamu dhana zake kwenye kioo zikiwa zimepangwa kwa matawi, ayaone maarifa yake mwenyewe na kuyasahihisha.

Hata hivyo, Eldoret ina mfano wake wa karibu zaidi.

Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa mji huo, kilianza kuhifadhi rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Kutokana na kazi hiyo, mfumo wa OpenMRS ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na baadaye ukaenea katika mataifa mengi. Kiini chake ni kamusi ya dhana: kila dalili, kipimo na dawa ina mahali pake na maana moja inayoeleweka.

Manufaa yake yalipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wenye virusi vya HIV ulionyesha kuwa, pale kompyuta ilipochapisha muhtasari wenye vikumbusho, asilimia 68 ya huduma zilizokuwa zimechelewa zilikamilishwa. Pasipokuwa na vikumbusho, zilikamilishwa asilimia 18 pekee.

Vikumbusho hivyo havikumfundisha mhudumu jambo jipya. Vilimwekea mbele ya macho, kwenye karatasi ya kawaida, lile alilolijua tayari lakini foleni ya wagonjwa ikamsahaulisha.

Kilimo kinahitaji hali iyo hiyo, na Chepkoilel ndipo mahali pake. Ilianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa, ikawa bewa la Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1990, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret.

Kuna watakaosema kuwa kazi imekwisha kufanywa. Programu ya Nuru, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na shirika la FAO, hutambua uharibifu wa viwavijeshi kwa kamera ya simu, tena huzungumza Kiswahili.

Hilo ni la kupongezwa. Lakini kulitambua jani si kulijua shamba. Udongo wa sehemu nyingi za Uasin Gishu una asidi nyingi, na huenda anayelilia mbolea anahitaji chokaa kwanza. Ujuzi wa aina hiyo wanao watafiti wa hapa, maafisa wa nyanjani na wakulima wenyewe.

Wote hao wakutanishwe mbele ya mchoro mmoja wa dalili, sababu na hatua za kuchukua, wausahihishe hadi wakubaliane. Kisha uchapishwe katika karatasi moja ambayo afisa anaweza kuikunja mfukoni.

Afisa mzoefu anapostaafu bila ujuzi wake kuandikwa, huondoka nao. Hasara hiyo haionekani siku anapoagwa. Huonekana msimu unaofuata, mahindi yanapogeuka manjano na asiwepo wa kuulizwa.