Vijana Wetu na Nchi ya Mibuni

Wako wazazi waliotuuliza kwa nini tuliwatoa watoto chuoni Jumamosi nzima, tukaenda nao kupanda vilima vya Uru kwa miguu. Kurani, wasema, husomwa juu ya mkeka. Ni kweli. Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Sura ya Al-Ankabut, yatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi viumbe vilivyoanzishwa. Nasi twaona kwamba kijana anywaye kahawa barazani kila jioni, wala hajapata kuuona mbuni, amepungukiwa na jambo.

Kinywaji hiki si kigeni kwetu Waislamu. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikinywa wapate kukesha katika dhikri, na huko Makka mwaka 1511 msimamizi wa mji, Kha'ir Beg, alikipiga marufuku, lakini amri yake haikudumu. Huku Kilimanjaro mibuni ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Hatuoni haya kulisema hilo. Neema ni ya Mwenyezi Mungu, huipitisha katika mikono aitakayo.

Basi gari lilitushusha Uru mapema, mwezi wa Agosti, wakati wa mavuno, tukashika njia ya Materuni. Wasichana walitangulia pamoja na waalimu wao wa kike, na tusifiche, mwendo wao ulikuwa bora. Wavulana walikuwa wakikimbia, kisha wakikaa chini kuhema.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee asiye wa dini yetu. Katika kihamba chake migomba imesimama juu, mibuni imejificha chini ya kivuli chake, na samadi yatoka kwa ng'ombe aliye zizini nyuma ya nyumba. Aliwapa watoto vikapu, akawaonya wachume matunda mekundu tu. Saa nzima ikapita, vikapu havijajaa. Alipowaambia kuwa kilo 6 hivi za matunda ndizo zitoazo kilo 1 ya buni, kelele zilikwisha. Tena bado kumenya kwa mashine ya mkono, kuvundika, kuosha utelezi, na kuanika vichanjani siku nyingi. Na bei haipangi yeye. Mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakiishikilia yalipovunjika mwaka 1989, iliporomoka, na baadhi ya jirani zake wakaiacha mibuni, watoto wao wakateremkia mjini.

Ilipoingia Adhuhuri, vijana waliukimbilia mfereji upitao kando ya kihamba. Mzee akawazuia kwa upole.

"Mwalimu, leo maji haya si zamu yangu. Ni zamu ya jirani wa chini, naye anayangojea."

Mvulana mmoja akatunong'oneza, "Lakini Maalim, maji si yanapita tu?"

Swali hili lilitupendeza kuliko yote ya siku ile. Mifereji ya Wachaga ilichimbwa na wazee wao, na maji yake hugawanywa kwa zamu. Apitaye njia hana zamu. Tukamkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo yapata kibaba kimoja. Mzee akatupa maji ya mtungi wa nyumbani kwake, kila mtoto kopo moja, nayo yakatosha. Tukasali chini ya migomba rakaa nne kamili, maana safari ya karibu namna ile haina kupunguza Sala, ingawa miguu ya wengine ilitamani iwe nayo.

Jirani akaja na mbege, kwa ukarimu tu wa watu wa pale. Vijana tuliwafundisha mapema kukataa bila kukunja uso. "Ahsante Baba, dini yetu haituruhusu." Akacheka, akarudi na ndizi za kuchoma.

Kisha buni zikakaangwa, zikatwangwa kinuni, tukanywa. Hapana aliyemwaga masazo.

Safari ya pili, Inshallah, itakuwa Oktoba, kabla mavuno hayajaisha. Mzazi atakaye mwanawe aende ampe viatu vya kufunga, kofia, chakula cha mchana, na kopo lake mwenyewe.