Eti "hata Marekani walipitia huko"!

Samahanini wasomaji wangu kwa kimya cha wiki mbili. Nilikuwa mkoani Songwe, kata ya Mbangala. Ukitoka Tunduma unakwenda mpaka Mbalizi, mkoa mwingine kabisa, halafu unaikamata barabara ya Mkwajuni, unalila vumbi mpaka unalizoea. Nimerudi na hasira. Naomba niishushe hapa.

Kwenye mwalo mmoja huko, Jumanne saa nne asubuhi, nilimkuta mtoto wa kiume wa miaka kama 12. Saa nne, siku ya shule! Alikuwa anaponda mawe kwa nyundo. Baadaye akawa anakoroga mchanga wenye zebaki kwenye karai, mikono mitupu. Kisha mtu mzima akakichoma kile kidonge cha zebaki na dhahabu juu ya moto, mvuke ukatupitia sote puani, mimi na dogo pamoja. Mvuke ule unakwenda kwenye mishipa ya fahamu na ubongo, na mtoto ndiye anayeumia zaidi.

Nilipofika Tunduma nikamsimulia rafiki yangu niliyesoma naye chuo, siku hizi anahangaika na mizigo pale mpakani. Akatafuna chipsi zake, akanijibu: "Kaka, acha uanaharakati. Hata Marekani walipitia huko. Hakuna viwanda bila watu kuumia."

Jamani! Sentensi hii nimeisikia kwenye semina, kwenye daladala na kwenye ofisi zenye viyoyozi. Wanaoisema ni wasomi kama mimi na wewe. Sijawahi kumsikia mwenye nyundo akiisema.

Haya, twende Marekani basi. Ni kweli, walipitia huko. Reli ya kuvuka bara ilikamilika tarehe 10 Mei 1869, na kabla karne haijaisha Marekani ilikuwa imeshaipita Uingereza kwa kuzalisha chuma cha pua. Carnegie akatajirika kwa chuma, Rockefeller kwa mafuta. Na waliolipa? Sensa ya mwaka 1900 ilikuta watoto milioni 1.75 wa miaka 10 hadi 15 wakiwa kazini, zaidi ya mmoja kati ya sita. Kwenye makaa ya mawe ya Pennsylvania wavulana walikaa juu ya mifereji ya mbao kutwa nzima, wakichambua mawe kutoka kwenye makaa, vidole vinavuja damu. Sheria ya 1885 ilikataza kuwaweka hapo walio chini ya miaka 12. Wazazi wakawaongezea watoto umri, wenye migodi wakajifanya hawaoni. Sijui kama hadithi hiyo inawakumbusha mahali.

Lakini rafiki yangu anaruka sehemu moja. Marekani haikupita hapo kama basi linavyopita kituo, eti ukivumilia kidogo utafika. Watu ndio waliolisukuma hilo basi! Mei 1886 mamia ya maelfu ya wafanyakazi waligoma wakidai saa nane za kazi. Tarehe 4 Mei bomu likarushwa katika mkutano wa Haymarket, Chicago. Mwaka uliofuata watu wanne wakanyongwa, ingawa haikuthibitishwa kwamba kuna yeyote kati yao aliyelirusha. Wawili kati yao, August Spies na Albert Parsons, walikuwa wahariri wa magazeti ya wafanyakazi. Hiyo ndiyo asili ya Mei Mosi yetu, ile tunayoandamana tukiwa na fulana mpya na kofia za bure.

Mwaka 1892 kule Homestead, wafanyakazi wa Carnegie waligoma, kampuni ikaleta walinzi 300 wa kukodi wenye bunduki, watu wakafa pande zote mbili. Jacob Riis, mwandishi wa habari, aliingia na kamera kwenye vyumba vya maskini wa New York, na mwaka 1890 akatoa kitabu kilichowanyima usingizi matajiri. Florence Kelley alipigania sheria ya viwanda ya Illinois, ikapita mwaka 1893. Hata hivyo, sheria ya nchi nzima iliyodumu dhidi ya ajira ya watoto ilisubiri mpaka 1938. Kwa hiyo ukiniambia "walipitia huko", nitakuuliza: walitokaje?

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Dhahabu ya Lupa inachimbwa tangu miaka ya 1920. Wazungu walikuja kwa mamia, wakachimba kwa jasho la vibarua Waafrika. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 mpaka 1956. Mwaka 2012 New Luika ukaanza kuzalisha. Ni miaka mia sasa! Kama mateso ya watoto ndiyo nauli ya kwenda kwenye viwanda, mbona Lupa hatujafika? Chuma cha Pittsburgh kilijenga reli, madaraja na miji ya Marekani yenyewe. Dhahabu ya Mbangala inaondoka, na inayobaki kwenye udongo na mikononi mwa yule mtoto ni zebaki. Hiyo nauli tunalipa, gari halipo.

Halafu tofauti nyingine. Yule mvulana wa Pennsylvania hakuwa na sheria ya nchi nzima ya kumlinda. Wa kwetu anayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi za hatari, na migodi imetajwa. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto na zebaki kwenye machimbo yetu, Chunya ikiwemo, na wakati huo Mbangala ilikuwa Chunya. Mwaka 2020 tuliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki. Sisi tunajua kila kitu. Tunachofanya ni kusingizia historia ya watu wengine.

Msidhani nimesahau njaa. Mama wa yule mtoto nilimkuta pembeni akipepeta marudio. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hayupo shule?" Akanitazama kwa upole, akasema: "Mwanangu, ada wamefuta. Daftari, sare na unga hawajafuta." Sikuwa na jibu. Huyu mama simlaumu hata kidogo. Ndiyo maana askari wa kufukuza watoto peke yake ni mchezo wa kuigiza. Mwenye karasha na mnunuzi wa dhahabu wabanwe, maana hao ndio wenye faida. Ritoti, kile chombo cha kunasa mvuke ili zebaki itumike tena, kiwe sharti kwenye kila mwalo. Na sehemu ya tozo ya dhahabu irudi kijijini ikiwa uji wa shule na daftari, mama asilazimike kuchagua.

Nami nijishike shati. Nimeshaandika habari zisizo na idadi zenye kichwa cha "sekta ya madini yapaa", nikinakili taarifa niliyopewa kwenye bahasha pamoja na soda. Riis aliingia mwenyewe kwenye vyumba. Mimi nimechelewa, ila nimeingia.

Sasa na wewe unayesoma hapa, labda una pete kidoleni. Siku nyingine mtu akikuambia hata Marekani walipitia huko, usimjibu kwa hasira kama nilivyofanya mimi. Muulize tu ana mtoto wa miaka 12. Kama anaye, muulize Jumanne saa nne asubuhi huwa yuko wapi.

Nawasilisha.