Staa Analilia Jumba la Waingereza, Mahame ya Kwao Chiola Hayajui!

Staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kaposti jumba la kale la Uingereza na emoji za machozi: eti ukoo umepoteza nyumba ya mababu, inauma!

Sawa, inauma. Mwaka 1974 makumbusho ya Victoria and Albert, London, yaliweka hadi maonyesho ya kuomboleza majumba kama hayo yaliyobomolewa.

Ila mwaka huohuo Tanzania, Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alishatangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri. Familia kibao zikaacha nyumba za udongo, mashamba na makaburi ya wazee. Walikotoka pakabaki mahame.

Nyumba ya udongo haiachi magofu ya kupigia selfi. Inabaki miembe tu, na bibi anayejua nani kalala chini ya mwembe upi.

Bibi wa staa huyo yuko Chiola, pande za Nachingwea na Ruangwa, na umri umeenda. Kumrushia hela kwa simu ni vizuri, ila siku akiondoka, ramani yote inaondoka naye. Staa apande basi, amshike bibi mkono waende mahameni, simu irekodi. Hiyo ndiyo posti ya kulilia.

Wewe je, mahame ya kwenu unayajua?